Meli ya Penguini Haisimami Kithimani

Nikikwambia joto, usiniulize joto gani. Njoo Kithimani mwezi wa pili, saa nane mchana. Simama pale kwa barabara ya Garissa, nunua tikiti maji, halafu tuongee. Nyanya zinaiva zikiwa shambani, tena zinapitiliza. Kuku wanatembea wakirukaruka maana chini panachoma. Hata mbwa wa jirani, yule wa kunichukia tangu tuhamie, mchana ananiangalia tu. Ananiahirisha.

Sasa kwa joto hilo ndipo shemeji akatutumia barafu.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Yuko Minnesota, anatunza wazee. Ajuza mmoja anayemtunza, mtu wa pesa zake, alipanda meli akaenda Antaktika kuangalia wanyama. Alivyorudi, shemeji akazimwaga picha zote kwa grupu ya familia. Si mbili tatu. Zote. Bando yangu ikaishia kwa nyangumi. Lakini nilikuwa nimeona ya kutosha. Barafu ya buluu imesimama baharini, kubwa kupita ukumbi wa chifu. Penguini wamejipanga kwa makundi, hawana shughuli, hakuna anayewaitisha karo.

Ingeishia hapo. Shida ni mume wa dada yao mkubwa. Ana lori mbili za mchanga na hawezi kuona kitu bila kukitaka. Akaandika, "Mwaka ujao Mungu akijalia, mimi na madam." Watu wakamwekea vidole gumba. Wakamwekea makofi. Baba mkwe, ambaye mimi hunijibu na herufi K peke yake, akamwandikia, "Safi sana kijana." Nikasikia kitu kinanipanda kooni. Nikaandika, "Mimi naenda mwaka huu."

Grupu ikanyamaza. Halafu baba mkwe akauliza, "Na mbuzi?"

Kama wewe si wa Ukambani, wacha nikueleze haraka. Ntheo ni wale mbuzi unaopeleka kwa wakwe ndipo msichana ahesabike kuwa wako. Mimi nilipeleka. Lakini kuna mmoja alibaki. Binti yangu Mueni sasa yuko sekondari na huyo mbuzi bado yuko njiani. Nasikia penguini mwanamume akitaka kuoa, anatafuta kokoto, anaiweka mbele ya msichana, ndiyo mwanzo wa kujenga kiota. Kokoto! Hapa Yatta mimi nina shamba zima la kokoto, na hakuna mkwe amewahi kuzitaka.

Basi nikaenda Nairobi kwa ofisi ya watu wa safari. Jina la ofisi siweki, wasije wakanitafuta. Kwa akili yangu, meli ni kama matatu ya Thika. Kiti cha mbele bei yake, cha nyuma bei yake, na ukikubali kuinama karibu na mlango kondakta anakupunguzia. Nilikuwa tayari kuinama.

Msichana wa ofisi akanipokea vizuri. Akanipa maji. "Mzee wangu, unataka Aktiki ama Antaktika?"

Nikamwambia yoyote iliyo karibu.

Akaniangalia. Akanieleza polepole, ile polepole ya kumweleza mtu anayeuliza benki kama wanauza maandazi. Dubu weupe wako kaskazini peke yake. Penguini wa barafu wako kusini. Hawajawahi kukutana tangu dunia iumbwe. Nikauliza kama hakuna meli inayopitia pande zote mbili. Akaniongezea maji.

"Watu wengi huchagua Antaktika," akasema. "Dola 6,000 kwenda juu."

Nikatoa simu nipige hesabu. Dola moja ni kama shilingi 130. Nikabonyeza, ikaleta 46. Shilingi 46! Hiyo haikufikishi hata Matuu. Nikamwambia aniandikie mbili, na mama aende. Nikavuka mguu. Nikauliza kama chakula kiko ndani. Yeye akachukua kikokotoo chake, akazidisha pale nilipogawanya, akakigeuza nione. Laki saba na elfu themanini. Mtu mmoja. Tena hicho ni kitanda cha chini kabisa kwenye meli, chumba unalala na watu usiowajua. Na hapo hujatoka Nairobi. Meli inangoja Ushuaia, mji wa mwisho huko chini Argentina, unaufikia kwa ndege juu ya ndege. Ongeza viza. Ongeza bima ya kukutoa huko ukiugua, maana daktari yuko melini lakini hospitali hakuna, ni mpaka urudishwe Argentina ama Chile.

Nikaushusha mguu.

Usidhani watu wanakosekana lakini. Aliniambia msimu wa 2023 hadi 2024 walienda zaidi ya laki moja. Msimu wao ni Novemba hadi Machi, ndio kiangazi cha huko. Nikamuuliza kama miongoni mwao kuna mtu wa Yatta. Akasema orodha haiwekwi kwa kata.

Kilichonimaliza kabisa ni masharti. Alinipa karatasi nisome nyumbani. Nikaisomea kwa kiosk, kwa sauti, nikiwa bado nahesabika msafiri. Meli yenye zaidi ya abiria 500 haishushi mtu hata mmoja nchi kavu. Zile ndogo zinashusha, lakini watu 100 tu kwa wakati mmoja, wengine mnabaki melini mkipunga mikono. Kabla ya kushuka unasugua viatu kwa dawa, usipeleke mbegu na magonjwa ya kwenu. Huokoti jiwe. Huokoti unyoya. Chakula hakishuki. Penguini unamkaribia mpaka mita 5, basi. Na penguini akiwa na njia yake, wewe ndiye unasimama yeye apite.

Hebu fikiria hiyo. Nimeuza kipande cha shamba. Nimebadilisha ndege mpaka nimesahau siku. Halafu ndege asiyeweza hata kupuruka ananiambia nipishe.

Na haja ndogo? Hairuhusiwi huko. Ukishikwa, unarudishwa melini kwa kiboti cha mpira. Mimi nikinywa chai ya saa nne, kabla ya saa tano nimeshasalimiana na mti. Watu wa kiosk wanajua. Mama wa kiosk alifika hapo akaweka sufuria chini akacheka mpaka mteja wa chapati akaondoka.

Kitu kimoja tu kwenye hiyo karatasi kilinifurahisha. Ile nchi haina mwenyewe. Tarehe 1 Desemba 1959 nchi 12 zilikaa Washington zikatia sahihi mkataba kwamba pale ni mahali pa amani na sayansi, na waliokuwa wakidai vipande, madai yao yakagandishwa hapohapo. Hakuna hati ya shamba. Hakuna kesi ya mpaka. Hakuna ndugu anayehamisha vigingi usiku. Kama ningeambiwa penguini wanaishi hivyo, ningewaheshimu mapema.

Lakini kurudi nyuma sasa nitarudije? Grupu yote inangoja. Baba mkwe ameuliza mara ya pili. Nikaona heri nijiandae, pesa itatokea. Wakenya tumejenga nyumba hivyo.

Nikaanza na koti. Siku ya soko nikachimba mtumba mpaka nikalipata, jekundu, zito, manyoya kichwani, mifuko hata ndani ya mifuko. Muuzaji akaniapia limetoka Kanada. Nikalinunua kwa pesa ya mbolea. Baadaye, nikisoma ile karatasi upande wa nyuma, nikaona kampuni nyingi za hizo meli humpa kila abiria koti la baridi bure. Tena mara nyingi jekundu.

Haidhuru. Nikalivaa nitembee nalo mjini, mwili uzoee. Ilikuwa saa saba. Kufika kwa stendi ya boda, vijana wakazima pikipiki zote ili wanione vizuri. Mmoja akauliza, "Mzee, unaficha nini?" Mwingine akasema huyu anakimbia malaria. Nikaendelea kutembea kwa heshima. Karibu na duka la dawa ya mifugo nikaona dunia inazunguka. Nikaketi juu ya gunia la mahindi ya mtu. Mwenye gunia alinimwagia ndoo ya maji, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananiokoa ama alikuwa anatetea gunia.

Hapo nikaamua baridi niifuate ilipo. Baridi yote ya Kithimani iko kwa friji ya bucha. Nikaongea na mwenye bucha, akakubali niweke mikono na kichwa kwa muda. Nikaweka. Mama mmoja akaja kununua matumbo, akaona mtu mwenye koti jekundu ameingia nusu ndani ya friji. Hakununua. Alienda akasema, na mwenye bucha mpaka sasa ananidai hasara ya wateja.

Bado bahari. Kutoka Ushuaia mpaka kwenye barafu unavuka maji yanayoitwa Drake, siku mbili hivi kwenda na mbili kurudi, na ni kati ya bahari zenye fujo kuliko zote duniani. Mimi matatu ya Thika ikipiga kona mbili nafungua dirisha. Usiku mke wangu akachukua simu akaanza kunisomea. Kulikuwa na meli ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa safari za namna hii, ya 1969, ya bwana mmoja aitwaye Lars-Eric Lindblad, yule aliyeanza kupeleka watalii Antaktika mwaka 1966. Novemba 2007 meli hiyohiyo, chini ya wenyewe wengine, iligonga barafu kule kusini ikatoboka ikazama. Wote 154 waliokolewa wakiwa kwa mashua. Alisoma "wote waliokolewa" kwa sauti ya chini sana. Ile "ikazama" aliirudia.

"Baba Mueni," akasema, "wewe hata kwa mfereji wa Yatta ulitolewa na watoto."

Ni kweli, lakini mfereji si mchezo. Huo ulichimbwa miaka ya hamsini na watu wa vizuizini wakati wa Mau Mau, kwa jembe na koleo, maji ya mto Thika yatufikie mpaka huku. Una kina chake. Na wale watoto walikuwa wakubwa.

Halafu akanionyesha video ya penguini wa kaisari. Huyu ni yule mkubwa, na wengi wanaoenda na meli hata hawamwoni, wanaishia kwa wale wadogo wa pwani. Mama anataga yai moja, anamkabidhi baba, anaenda zake baharini kula. Baba anaweka yai juu ya miguu yake, analifunika na tumbo, anasimama nalo gizani karibu miezi miwili. Baridi inafika digrii 40 chini ya sifuri. Hali. Haketi. Anapoteza karibu nusu ya uzito. Video ikaisha. Mke wangu hakusema neno. Alinigeukia tu, akaangalia tumbo langu, akazima taa.

Mtu wa kunisaidia alikuwa mwalimu mstaafu, yule hukaa kona ya kiosk na gazeti la juzi. Nilimweleza yote akanisikiliza bila kunicheka, na hiyo ilinitia wasiwasi zaidi.

"Kijana," akaniambia, na mimi nina mvi, "barafu unaendea Argentina kufanya nini? Barafu si hiyo hapo?" Akanyoosha gazeti upande wa Mlima Kenya. Akaniambia tarehe 3 Desemba 1849 mmishonari Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Kutoka kwetu huku ndipo alipouona huo mlima na weupe wake. Akaandika Ulaya. Ulaya wakakataa. Mwaka mmoja nyuma mwenzake Rebmann alikuwa ameona theluji ya Kilimanjaro, na mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, asiyewahi kukanyaga huku, akamwambia hakuna kitu kama hicho, ati theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Alibishana kwa miaka akiwa kitini. Kivoi yeye hakuulizwa. Alikuwa anauona huo mlima kila mara, na hakuandikia mtu.

"Na usiku wa uhuru, Desemba 1963," mwalimu akaongeza, "nani alipandisha bendera juu ya huo mlima? Kisoi Munyao. Mkamba! Wewe unaogopa friji."

Akaniambia niharakishe lakini. Mpanda mlima mmoja, Mackinder, alipofika kileleni mwaka 1899 mlima ulikuwa na mito ya barafu kama 18. Mingi imekwisha kabisa, na ule mkubwa wa Lewis umebaki vipande. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa ripoti mwaka 2021 kwamba barafu yote ya Afrika Mashariki itakuwa imekwisha kufikia miaka ya 2040, na Mlima Kenya huenda ukatangulia kwa mwongo mzima. Nilisikia uchungu hapo, si utani. Kitu kimekaa juu ya kichwa changu maisha yote, bila tiketi, na mimi sijawahi kukiangalia ila nikiambiwa mvua itanyesha.

Kesho yake alfajiri nikavaa koti nikapanda kilima cha nyuma ya kwetu. Mlima unaonekana kabla jua halijachoma, kukiwa safi. Hakukuwa safi. Kulikuwa na wingu lenye ukubwa wa kaunti. Nikangoja. Akina mama wakapita na mitungi kwenda kuteka maji. Wakaona juu ya jiwe kitu kikubwa chekundu chenye manyoya kichwani, kimesimama, hakisemi. "Aiya!" Mitungi ikabaki, wao wakaenda. Nikawakimbilia niwaeleze. Huwezi kueleza watu unapowakimbiza.

Nikashuka kwa njia ya bwawa ili nisipitie nyumba za watu. Pale matopeni nikamkuta kijana amelala kifudifudi na darubini. Nikajua mwizi wa pampu. Kumbe anahesabu ndege. Akaniomba nisimame palepale nisiwashtue, mzee wangu, tafadhali.

Nikatazama. Kulikuwa na videge vidogo vya rangi ya matope, vinakimbia ukingoni, vinadonoa, vinakimbia tena. Nilivijua. Hivyo vimekuwa hapo miaka yote, vinakuja na kuondoka. Huwa navipita nikienda kufungulia maji. Mbwa wangu huvikimbiza. Mimi mwenyewe nimewahi kuvirushia udongo bila sababu.

Kijana akaniambia hao ni vitwitwi wadogo. Hawazaliwi hapa. Wanazaliwa kaskazini kabisa, tundra ya Siberia na sehemu za juu za Norwe na Urusi, nchi ya dubu weupe na kulungu wa theluji. Wanataga mwezi wa sita, kiangazi kifupi cha huko. Baridi ikianza kuuma wanapuruka kuja huku, wanafika karibu Agosti na Septemba, wanakula matope yetu mpaka Aprili ama Mei, halafu wanarudi. Kila mwaka. Usiku na mchana. Kijidege cha gramu 25 hivi.

Nikahesabu. Safari hii nilizidisha na kugawanya vizuri. "Kwa hivyo arobaini ndio kilo?"

Akausogeza mfuko wake mbali na mimi.

Nikamuuliza hawa wanalipa viza wapi. Hakujibu, alikuwa anaandika. Nikamuuliza kama naye ataniambia nikae mita 5. Akasema hapana mzee, mita 30 ingekuwa bora. Nikaketi hapo hapo na koti langu. Wanyama wa barafu wako shambani kwangu, wamekuja kwa gharama zao, wanakula funza wangu, na mimi nimekopa kila mahali nikawaone kwao.

Nikapiga picha na simu. Nikatuma kwa grupu: "Wanyama wa Aktiki, nikiwa nao ana kwa ana." Kwa picha unaona matope, na nukta, na upande wa kushoto kiatu changu. Mume wa dada mkubwa akauliza kama hayo ni matope ya Kithimani. Shemeji wa Minnesota akaweka kicheko. Baba mkwe akaandika, K.

Basi hukumu yangu ni hii. Penguini hawaniwezi kwa bei, na mimi siwawezi kwa haja ndogo. Tubaki hivyo. Wewe kama una uwezo, nenda, lakini sugua viatu na uwapishe njia. Kama huna, njoo bwawani kwetu kuanzia Septemba, kiingilio hakuna, ila ufunge mbwa. Na kama unamjua mtu anayesafiri kwenda kwenye baridi, mwambie kuna koti jekundu linauzwa, saizi kubwa, limefuliwa, lina alama ndogo tu ya friji. Aulize kwa bucha. Nyumbani asiulize, Mama Mueni atamwambia hatujui koti lolote.